Doa Jekundu Chini ya Sahani

"Karandinga linaondoka baada ya adhuhuri," Mrakibu Robert alisema, "na huyo fundi wako atakuwa ndani yake. Kama una la kusema, Hyasinta, liseme nikiwa bado nakunywa chai."

"Si fundi wangu, afande. Ni mtuhumiwa wetu. Ila nina wasiwasi na lile doa."

"Una wasiwasi na damu?"

"Nina wasiwasi kama ni damu."

Robert aliweka kikombe chini. Alikuwa mkuu wa upelelezi pale kituoni, mtu wa haki kabisa, lakini akishapata jibu moja huwa mzito wa kutafuta la pili. Na hili la gramafoni alikuwa ameshalipatia jibu tangu Jumanne.

Ukilisikiliza haraka haraka, jibu lenyewe lilikaa vizuri. Zahoro, mlinzi wa duka la vitu vya kale karibu na Mnazi Mmoja, alikutwa alfajiri ya Jumanne chini ya ngazi za duka, kichwa kimepasuka, hajitambui. Mpaka leo Alhamisi alikuwa bado amelala hospitali bila kufumbua macho. Mwenye duka, Bwana Eliasi, yule mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo, aliripoti kwamba kimeibwa kitu kimoja tu: gramafoni ya zamani ya kuzungusha kwa mkono. Akaleta na picha yake. Mchana huo huo msamaria mwema asiyejitaja jina akapiga simu, polisi wakaenda mtaa wa Gerezani, kwa mafundi wa vyuma, wakaikuta mezani kwa fundi mmoja anayeitwa Athanas. Ilikuwa ile ile ya kwenye picha, hadi kovu la kwenye tarumbeta lake la shaba. Walipoinua sahani inayozungusha santuri, wakaona doa jekundu.

Unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo halina dhamana, na anayepatikana nalo hutoka gerezani mvi zimejaa kichwani.

"Majibu ya maabara yatachukua wiki kadhaa," Hyasinta alisema. "Mtu akishapanda karandinga kwa kosa hili, wiki zinageuka miaka. Nipe asubuhi hii tu."

"Asubuhi yako ndiyo hii inayoondoka," Robert alijibu, akachukua tena kikombe. Kwa Robert, hiyo ilikuwa ruhusa.

Mkaguzi Msaidizi Hyasinta Haule alishuka ngazi hadi chumba cha vielelezo karibu anakimbia. Alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wenzake walimtania nao kila siku: kitu kilichofunguliwa skrubu kilimpa raha kuliko sinema. Alivaa glovu, akainua sahani, akamulika kwa tochi ya simu.

Mashine nzima ilikuwa inang'aa. Athanas alikuwa ameisugua kila pembe, amepaka grisi penye kuhitaji grisi, ameondoa kutu mpaka kwenye vichwa vya skrubu. Sehemu moja tu hakuigusa. Chini ya sahani, kwenye ubao, palikuwa na doa la upana wa kidole gumba, na pembeni yake madoa mengine yaliyopauka, moja juu ya jingine, yamekaa kwa mstari. Na kwenye mhimili, chini kabisa, palifungwa uzi mwekundu uliochakaa, umepigwa fundo.

Damu haidondoki kwa mstari, na wala haijifungi fundo.

Pamoja na mashine palikuwa na santuri moja iliyoviringishwa kwenye kipande cha kitenge. Aliifunua, akaitazama, akairudisha, kisha akaenda lokapu.

Athanas alikuwa mtu wa Mbinga, mrefu, mikono imejaa makovu madogo ya bati. Alisimama alipomwona.

"Kaka Athanas, nieleze tena. Mashine uliipata wapi?"

"Kariakoo, afande. Jamaa mmoja wa mkokoteni, wale wanaonunua vitu chakavu majumbani. Jina lake silijui. Alikuwa anataka kuivunja auze shaba ya tarumbeta kwa kilo. Nikaona dhambi."

"Na santuri?"

"Ya marehemu baba. Mama aliihifadhi miaka yote. Mashine ya baba iliuzwa kabla sijazaliwa, kwa hiyo hiyo santuri sijawahi kuisikia. Ndiyo maana nilinunua gramafoni."

"Eliasi unamfahamu?"

"Simfahamu mtu wa jina hilo."

"Na chini ya sahani, kile chekundu ni nini?"

Hapo Athanas alitazama pembeni.

"Hicho sikijui. Sikukigusa."

"Umesafisha mashine nzima, hapo hukugusa. Kwa nini?"

"Sikugusa tu, afande."

Kila askari aliyemhoji alikuwa ameandika kwamba mtuhumiwa alionyesha hatia alipoulizwa kuhusu doa. Hyasinta naye aliona kitu usoni mwake, ila yeye angekiita woga.

Alirudi chumba cha vielelezo. Alikwangua unga kidogo tu wa lile doa kwa pamba safi, akaifunga kwenye bahasha, akaandika alichochukua, akampa koplo wa zamu aweke sahihi. Uzi aliuacha mahali pake, akaupiga picha. Alijua alishauona uzi wa namna ile, umefungwa vile vile, kwenye kitu kinachong'aa. Alifika mlangoni ndipo akakumbuka. Ni kwenye mizani, pale anaponunulia bizari.

Duka la Mama Ila liko Kisutu, dogo, limejaa magunia ya viungo mpaka mteja anaingia ubavu ubavu. Hyasinta alikatiza Mnazi Mmoja kwa miguu, akafika anahema. Mizani ilikuwa pale pale kaunta, ya shaba, na shingoni mwake uzi mwekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja mbio, bizari imekwisha nyumbani?"

"Leo nimekuja kikazi. Huu uzi kwenye mizani ni wa nini?"

Mama Ila alimtazama juu ya miwani. "Polisi sasa mnakamata na nyuzi?"

"Mama yangu, kuna mtu anapelekwa mahakamani mchana huu kwa sababu ya uzi kama huo." Akamwonyesha picha kwenye simu.

Mama Ila aliisogeza simu karibu na macho, na uso wake ukabadilika. Akaigeuza mizani. Chini yake palikuwa na madoa mekundu yaliyopangwa mstari, la karibuni limekoza, ya zamani yamepauka.

"Sisi Wahindu, siku ya sikukuu ya Dasera, tunashukuru vitu vinavyotulisha," alisema. "Mizani, gari, cherehani. Mwanangu Parth siku hizi anaiwekea mpaka kompyuta yake. Unasafisha kifaa, unafunga uzi, unapaka kanku, ule unga mwekundu wa ibada, kidogo kwa kidole. Kila mwaka doa moja. Hii mashine yako imekaa kwenye nyumba ya Kihindu, na nyumba hiyo iliipenda."

"Afande wangu anasema ni damu."

"Afande wako ana kanku nyumbani kwake?"

"Hana."

"Basi ajuaje?" Mama Ila alikuwa ameshaanza kufurahi. Alivuta ndimu kutoka kwenye kikapu, akaikata. "Kanku ya zamani, ile ya kutengeneza nyumbani, ni manjano na chokaa, basi. Chokaa ndiyo inaifanya nyekundu. Ukiitia ndimu, inarudi kwao. Leta hiyo pamba."

"Subiri, mama." Hyasinta aligawanya pamba mara mbili, nusu akairudisha kwenye bahasha. Akawasha kamera ya simu, akaiegemeza kwenye kopo la karafuu. "Una nyama humu ndani? Nataka damu ya kulinganisha."

"Nyama? Humu? Mimi sili nyama, mwanangu."

Hyasinta alijiona mjinga. Alichomoa pini kwenye kola ya shati, akajichoma kidole, akakigusisha kwenye pamba nyingine. Mama Ila alitikisa kichwa kama mtu anayemwona mtoto wa jirani akipanda paa, lakini akakamua ndimu.

Pamba yenye damu ilifanya rangi ya matope. Ile iliyotoka kwenye mashine haikufanya matope. Mahali tone lilipoangukia, wekundu uliyeyuka, na chini yake yakajitokeza manjano, manjano kabisa, ya kutia kwenye mchuzi.

Hyasinta alicheka kwa sauti. Hakuweza kujizuia. Mama Ila naye akacheka, na mteja aliyekuwa mlangoni akauliza kama kuna punguzo la bei.

"Mama, unaweza kuyasema haya mahakamani?"

"Nitayasema, na ndimu nitakuja nayo mwenyewe."

Alipanda bodaboda kwenda Gerezani. Doa halikuwa damu, sawa. Lakini kumtoa Athanas lokapu kulihitaji zaidi. Robert angesema mwizi anaweza kuiba bila kumwaga damu kwenye mashine, na angekuwa na haki. Picha ya Eliasi bado ilikuwepo. Alidai aliipiga mwaka juzi, siku gramafoni ilipoletwa kutoka Unguja. Kituoni aliituma kwa WhatsApp, kwa hiyo tarehe yake ilipotelea njiani. Kama kweli mashine ilikuwa dukani kwake mwaka juzi, Athanas alikuwa na mzigo wa wizi mikononi, kanku au hakuna kanku.

Meza ya Athanas ilikuwa barazani, kati ya muuza springi za magari na fundi cherehani. Cherehani ilinyamaza Hyasinta alipofika. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake hakusimama.

"Mmerudi kuchukua na meza?"

"Naitwa Hyasinta, dada. Nimekuja peke yangu."

"Mimi Winifrida. Na mtu mmemchukua na bisibisi mkononi, siku hiyo hiyo alikuwa anamaliza. Tumekaa wiki nzima tunasubiri kusikia hilo dude likiimba, mnakuja nyie."

"Dada Winifrida, hebu niambie kitu kimoja. Chini ya sahani pana alama nyekundu. Athanas aliwahi kukwambia chochote?"

Winifrida alikata uzi kwa meno.

"Alinionyesha. Aliita, 'Wini, njoo uone.' Akasema hili ni zindiko la mtu, amelifunga humu kulinda mali yake. Akasema hapa sipitishi kitambaa hata kwa fimbo. Kuanzia siku ile alikuwa akiifungua mashine, hilo doa analizungukia kwa mbali."

"Kwa nini hakutuambia?"

"Awaambie polisi kwamba mezani kwake kuna uganga? Mngemwongezea kesi."

Hilo lilikuwa kweli. Mtu alikuwa anaelekea kufungwa miaka kwa kuogopa kitu ambacho watu wengine walikiweka kwa shukrani. Hyasinta alivaa glovu, akaanza kuipekua meza ya Athanas.

Palikuwa na mabaki ya kazi yote. Springi ya gramafoni iliyokatika vipande. Kopo la jenereta bovu lililofunguliwa, ambamo Athanas alikuwa ametoa springi ile ya kamba ya kuwashia, akaitia kwenye mashine badala ya iliyokatika. Na chini ya tupa, amekibania na kipande cha bati kisipeperuke, palikuwa na kijikaratasi kigumu kinachong'aa, ukubwa wa kiganja, chenye tundu la duara katikati, limekatwa vizuri kabisa.

"Hiki nini?"

"Hiyo ni pasi yangu," Winifrida alisema. "Nayo imekuwa kesi?"

"Pasi?"

"Maika ya ndani ya pasi, ile inayozuia umeme usikupige. Pasi za zamani nzito ndiyo zinayo, na mimi sipendi hizi nyepesi, haziwezi suti. Alhamisi ya wiki jana umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, pasi ikapiga cheche ikafa, na suruali ya bwana harusi iko chini yake. Athanas akaifungua. Waya umekatika. Akasema pasi imekwisha, lakini Wini, nipe hiyo maika. Kile kioo cha kichwani kwa gramafoni, kile kinachotetemeka na sindano, kilikuwa kimepasuka. Akakata hapo."

Hyasinta alikinyanyua kile kipande kwenye mwanga. Waya wa pasi ulikuwa umekiunguza mistari ya kahawia, sambamba, toka upande hadi upande. Kwenye ukingo wa tundu palikuwa na nusu ya doa jeusi, mahali waya ulipokatikia kwa cheche. Nusu nyingine ilikwenda na duara lililokatwa.

Alitoa simu. Akaifungua picha ya Eliasi, ile ya mwaka juzi, akaikuza. Tarumbeta likatoka nje ya kioo. Sahani ikatoka. Kikabaki kile kichwa kinachoshika sindano, na kioo chake cha duara.

Mistari ya kahawia, sambamba. Na ukingoni, nusu ya doa jeusi.

"Mungu wangu," alisema taratibu.

"Nini?" Winifrida alisimama. Alisogea, akatazama simu, akatazama maika. "Si pasi yangu hiyo?"

"Ndiyo pasi yako. Dada, kuna mtu alikuja hapa baada ya Alhamisi kuiangalia mashine?"

"Mmoja tu. Jumamosi. Mzee nadhifu, hakutaja jina, miwani imening'inia hapa kifuani na mnyororo. Alitaka kuinunua ile ile, mbovu hivyo hivyo. Athanas akakataa. Yule baba akasema basi niipige picha tu, nazipenda sana hizi. Akapiga."

Hyasinta alimkumbatia. Kwenye utaratibu wa kazi hilo halimo. Kisha akarudi kwenye utaratibu: maika kwenye bahasha, gamba la pasi iliyokufa kwenye mfuko, maelezo ya Winifrida yakaandikwa juu ya cherehani, sahihi chini. Muuza springi wa upande wa pili naye alikuwa amemwona mwenye mnyororo, akatia sahihi bila kuombwa mara mbili.

Alipofika kituoni karandinga lilikuwa limeshafunguliwa mlango. Mahabusu walikuwa wamepangwa ukutani, Athanas katikati yao, kichwa chini. Hyasinta alipita mbele yake, akapanda ngazi.

Bwana Eliasi alikuwa ameshakaa ofisini kwa Robert. Aliitwa kuja kutambua kielelezo kwa maandishi kabla kesi haijaenda mbele. Gramafoni ilikuwa mezani. Alikuwa ametulia, suti ya kaki, mnyororo unang'aa.

"Afande, naomba nimalizie mimi," Hyasinta alisema.

Robert alimtazama usoni, akasogeza kiti.

"Bwana Eliasi, ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Nimshukuru Mungu na nyinyi."

"Tangu uinunue imewahi kutengenezwa?"

"Haijawahi kuguswa na fundi. Hapo ndipo thamani yake ilipo, dada. Ikishaguswa na hawa wa Gerezani, kwisha. Hiyo ni ya asili mia kwa mia."

"Mpaka kichwani hapa, penye sindano?"

"Mpaka hapo. Kioo hicho imetoka nacho kiwandani."

"Na hii picha ni wewe uliyeipiga?"

"Kwa mkono wangu. Mwaka juzi, siku ilipofika."

"Baada ya hapo hukuipiga tena?"

"Sikuwa na sababu."

"Naomba uyaandike hayo matatu. Haijaguswa, kioo ni cha asili, picha ni ya mwaka juzi."

Aliandika kwa mwandiko mzuri, akaweka sahihi yenye mkia mrefu. Hyasinta aliivuta karatasi, akampa Robert. Kisha akafungua bahasha, akatoa kipande cha maika kwa ncha za vidole.

"Afande, weka tundu hili juu ya kioo cha kichwani. Taratibu, kinavunjika."

Robert aliinuka. Vidole vyake vilikuwa vinene, lakini alikiweka vizuri. Tundu lilikaa. Alikizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka mistari ya kahawia ya nje ikakutana na ya ndani, mmoja mmoja, na nusu ya doa jeusi ikapata nusu yake. Akaacha kuzungusha.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza.

"Ndani ya pasi ya fundi cherehani wa Gerezani. Pasi iliungua Alhamisi ya wiki jana. Hilo doa jeusi ndipo cheche ilipopiga. Athanas alikata kioo hicho siku hiyo hiyo."

"Basi," Eliasi alisema upesi, "fundi amekibadilisha baada ya kuiba. Ameniharibia mali."

"Wizi ulitokea usiku wa Jumatatu, kwa maelezo yako. Alhamisi hiyo ilitangulia Jumatatu."

"Siku sizikumbuki vizuri, nina mshtuko."

"Siku tuziache, basi. Tutazame picha." Hyasinta aliiweka simu mbele yake, imekuzwa mpaka kioo kimejaa. "Umesema ni ya mwaka juzi, na umetia sahihi sasa hivi. Picha ya mwaka juzi imeionaje pasi iliyoungua wiki jana?"

Eliasi alivaa miwani. Alitazama, akavua, akavaa tena. Chini, karandinga lilikuwa linaunguruma.

"Jumamosi ulikuwa Gerezani," Hyasinta aliendelea. "Wamekuona watu wawili. Ulitaka kuinunua, ukanyimwa, ukaipiga picha. Hilo si kosa. Lakini mashine haijawahi kuvuka mlango wa duka lako. Sasa niambie, mwizi wako alikuja kuiba nini? Na simu ya msamaria mwema tutaifuatilia, tujue ilitoka wapi."

"Mimi ni mfanyabiashara anayeheshimika."

"Zahoro alipigwa na nani, Bwana Eliasi?"

"Nilimsukuma tu," Eliasi alisema. Ilimtoka kwa hasira, kama mtu aliyeonewa. "Nilimsukuma, akakosa ngazi. Alikuwa amemwambia mteja wangu kwamba makasha yangu ya njumu, yale yaliyopambwa kwa shaba, si ya kale, yanatengenezwa hapo Gerezani mwezi huu. Mlinzi! Nani alimuuliza?"

Robert alikuwa ameshasimama mlangoni. Alimwita koplo, akazungumza naye kwa sauti ya chini, na Eliasi akaondolewa na miwani yake inagonga vifungo vya koti. Kisha Robert akaenda dirishani.

"Wewe," alimwita askari aliyekuwa uani. "Huyo fundi asipande. Mleteni juu."

Athanas aliingia bado na vumbi la ukuta mgongoni. Aliiona gramafoni kwanza, watu baadaye.

"Umeachiwa, kaka," Hyasinta alisema. "Aliyempiga Zahoro amejitaja mwenyewe. Na lile jekundu si zindiko. Ni manjano na chokaa. Kuna watu waliokuwa wanaishukuru hii mashine kila mwaka kwa kuwaimbia. Ni hayo tu."

"Shukrani?"

"Shukrani."

Athanas alifuta viganja kwenye suruali, mbele na nyuma. Akainua sahani, akanyoosha kidole gumba, akakiweka juu ya doa. Kilienea sawasawa. Akaanza kucheka na machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Inafanya kazi lakini?" Robert aliuliza, akijifanya anapanga karatasi.

"Sijui, afande. Nilikuwa nakaza skrubu ya mwisho mlipoingia."

Hyasinta aliifungua santuri kutoka kwenye kitenge. Athanas aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka, akazungusha mkono wa mashine taratibu, sikio lake karibu na ubao, akisikiliza springi ya jenereta ikijikaza. Akaachia. Sahani ikaanza kuzunguka. Akashusha sindano.

Kwanza ulikuja mkwaruzo wa vumbi tu, kwaru kwaru ndefu. Halafu gitaa. Halafu ngoma, na sauti ya mwanamume ikaingia, nyembamba, iko mbali, inaimba kwa furaha kubwa. Koplo alikuja mlangoni na wenzake nyuma yake.

Springi ile ilikuwa fupi kuliko ya asili. Katikati ya wimbo sauti ikaanza kuzama, na Athanas akaurukia mkono wa mashine, akazungusha huku inaimba, mpaka sauti ikapanda tena ilipokuwa. Alizungusha hivyo hadi mwisho.

"Rudia," Robert alisema.

Athanas alirudisha sindano mwanzo. Huko nje mlango wa karandinga ulifungwa, likaguna, likaondoka kuelekea mahakamani, na yeye hakugeuka kulitazama.